Mkandaji na Goti la Chuma

Mtaani kwetu kulikuwa na njia mbili za kujua kwamba mwanamke fulani amejifungua. Ya kwanza ilikuwa vigelegele. Ya pili ilikuwa kumwona Mkandaji akikatiza barabara na ndoo tupu mkononi, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, akitembea kama mtu anayekwenda kuvunja mlango. Vigelegele viliweza kudanganya, maana Kariakoo watu hupiga vigelegele hata umeme ukirudi. Ndoo haikudanganya.

Kazi yake ilikuwa kukanda wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua. Asubuhi na jioni, mpaka arobaini itimie, alimlaza mzazi mkekani, akapiga magoti kando yake, akachovya kitambaa kwenye maji yaliyotoka jikoni wakati huo huo, na kumbana tumbo, kiuno na mgongo mpaka mwili, kwa maneno yake, "ukumbuke ulikokuwa unakaa." Jina lake silitaji. Aliwahi kuniambia kwamba nikimwandika gazetini atanifuata mpaka Magomeni, na mimi ni mtu ninayeandika makala za gazetini na kukaa Magomeni, kwa hiyo nilijiona nimeonywa vya kutosha.

Wakati huo nilikuwa bado nakaa Kariakoo, vyumba viwili vya kupanga, mlango wa pili kutoka nyumbani kwa Mkandaji. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilikuwa nimesoma kila nilichokipata kuhusu uzazi, kwa lugha mbili. Nilikuwa na msimamo. Mkandaji aliingia chumbani, akanikuta nimelala na kitabu kifuani, akamgeukia mama yangu.

"Huyu ni mzazi au mkutubi?"

Mama yangu alicheka mno kuliko nilivyoona inastahili. Nilianza kueleza kwamba kuna mjadala juu ya jambo hili la kukanda, kwamba wapo wanaosema hivi na wapo wanaosema vile. Alinisikiliza kwa adabu huku akikamua kitambaa. Kisha maji yaligusa mgongo wangu, nami nikataja jina la Mungu, la mama yangu na la mhadhiri wangu mmoja wa zamani.

"Yanaunguza, Bibi!"

"Yanaunguza ndiyo. Ulidhani nimekuletea juisi? Vumilia."

Neno hilo, vumilia, lilikuwa chombo chake cha kazi kama ndoo. Alilitamka bila hasira na bila huruma, kama kondakta anavyotaja kituo. Tangu siku hiyo aliniita Msomi, na Msomi nimebaki mpaka leo, hata mbele ya watoto wangu, ambao hawaoni sababu yoyote ya jina hilo.

Lakini kuna jambo jingine la siku zile, na ndilo linalonifanya niandike. Wiki ya pili nilianza kulia mchana bila sababu. Mtoto alikuwa mzima, maziwa yalitoka, mume alikuwa mpole, nami nililia. Sikumwambia mtu, kwa kuwa vitabu vyangu vilikuwa na sura nzima kuhusu hali hiyo na niliona aibu kuwa mfano wa kitabuni. Mkandaji hakuuliza kitu. Alianza tu kuja mapema kuliko kawaida. Alinikanda taratibu na kunipigia umbea wa mtaa mzima: nani kafumaniwa, nani kahamia kwa dada yake na masufuria yote, mwanamume gani alizimia mkewe alipopata uchungu. Nilicheka nikalala. Siku zikapita hivyo mpaka machozi yakakoma. Sijui dawa ilikuwa maji au umbea, na sina haja ya kujua.

Alikuwa na misemo yake ambayo hukuisikia kwingine. "Maji ya moto hayana adabu, lakini yana akili." "Mwili ni kama mtoto wa jirani, usipoushika mkono unaingia nyumba isiyo yake." Kuhusu wanaume alikuwa na maneno machache na vitendo zaidi: mume aliyechungulia chumbani wakati wa kazi alirushiwa yale maji ya mwisho, yaliyokwisha poa, lakini mhusika hakulijua hilo mpaka yamfikie.

Wabeba mizigo wa Kariakoo, ambao hawampishi mtu wala gari, walimpisha yeye. Ungewasikia wakipiga kelele, "Mgongo! Mgongo! Angalia mgongo!" kisha mkokoteni unasimama ghafla katikati ya barabara, magunia yakiyumba, kwa sababu Mkandaji anavuka. Haikuwa heshima peke yake. Waliogopa ulimi wake.

"Wewe," angemwambia jitu la mabavu linalotoka jasho, "mama yako hajambo? Msalimie. Mwambie kiuno chake kilinitoa jasho, kichwa chako kilikuwa kikubwa."

Wenzake wangelitania hilo jitu mpaka magharibi.

Mkandaji mwenyewe alijaa mambo yasiyopatana. Aliyewamwagia wenzake maji ya moto maisha yake yote alioga maji ya baridi, na alikunywa soda yenye barafu akifumba macho kwa raha. Aliyewaambia wanawake wavumilie alikimbia sindano. Aliwahi kutoroka zahanati kupitia mlango wa nyuma, kanga ikabaki benchini. Alisema vidonge ni chaki, na kabati lake lilijaa vidonge. Na yeye mwenyewe hakuwahi kuzaa. Wapo waliosema pembeni, anajuaje maumivu ambayo hakuyapata? Maneno yalimfikia, kama yanavyofika yote Kariakoo. "Mshona sanda naye amewahi kufa?" alijibu, akaendelea na safari yake.

Magoti ndiyo yaliyomlipa kwa kazi ile. Miaka yote hiyo ya kupiga magoti kwenye sakafu ya saruji, juu ya mkeka uliolowa, ilikaa humo ndani ikimsubiri. Kwanza alianza kushuka ngazi kiubavu, kama kaa. Maana wakati huo ngazi zilikuwapo: nyumba yao ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ilibomolewa kama nyingine nyingi, likasimama ghorofa la maduka, na ukoo ukapewa vyumba huko juu. Lifti ilikuwapo pia. Ndani yake kulihifadhiwa majora ya vitambaa.

Kisha ikawa mtu akija kumwita, wajukuu wa dada yake wanafundishwa kujibu, "Bibi kaenda Bagamoyo." Mtaa mzima ukastaajabu jinsi alivyoipenda Bagamoyo uzeeni.

Aliyeufichua uongo huo ni Mama Jayesh, Mhindi mwenye duka la vitambaa pale chini. Mkandaji alimkanda uzazi wake wote, kwa hiyo hawakuwa na siri wala adabu baina yao. Mama Jayesh alikuwa amekwenda India akabadilishwa magoti yote mawili, akarudi anatembea kama msichana anayechelewa shule. Siku moja alipanda mpaka juu, nami nilikuwapo, nimekuja kusalimia kutoka Magomeni. Alisimama mlangoni, akakunja goti moja, akalinyoosha, akakunja la pili.

"Umeona, Bibi? Bagamoyo yangu mimi hii hapa."

"Chuma hicho," alisema Mkandaji. "Siku ya kufufuliwa utapiga kelele kama gari bovu."

"Sisi Wahindu tunachomwa, Bibi. Wewe ndiye utakayepiga kelele. Lakini mpaka siku hiyo utakuwa unatembea."

Ilichukua miezi ya kubembelezana. Hatimaye alikubali goti moja, la kulia, tena hapa hapa mjini, na akawafanya madaktari waape kwamba sindano ya usingizi atachomwa akiwa amefumba macho. Upasuaji ulikwenda vizuri. Alitembezwa na fremu, akatukana, akaruhusiwa kurudi nyumbani na maagizo mawili ambayo hata mimi niliyaelewa: kidonda kisilowe, na goti likunjwe na kunyooshwa kila siku, hata likiuma.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo nadhani lisingefanywa na mtu mwingine yeyote duniani ila mkandaji. Alijiweka arobaini.

Aliona yeye ni mtu aliyetoka kupasuliwa, amelala, ana jeraha, anaumwa mwili mzima. Na mtu wa namna hiyo, kwa ujuzi wake wote, hatoki ndani, hatikisiki, na anakandwa. Akafunga mlango. Akaunyoosha mguu juu ya mto na kuuacha hivyo hivyo. Na jioni, walipoondoka wote, alichemsha maji, akatia chumvi na majani ya mwarobaini, akachovya kitambaa.

Simu iliyonifikia ilikuwa ya Mama Jayesh. "Njoo. Bibi yako anatetemeka, na goti limekuwa kama boga."

Tulimshusha zile ngazi juu ya kiti cha plastiki, wabeba mizigo wanne wakiwa wamekishika, na safari hii hakuna aliyemtania mwenzake. Alikuwa na homa kali. Njia nzima alimwelekeza dereva barabara za kukwepa foleni, na zote zilikuwa na foleni.

Daktari wa mifupa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alifungua bendeji, akanusa.

"Bibi, nani alikwambia ukikande kidonda?"

"Huwa siambiwi. Mimi ndiye ninayewaambia watu."

"Na ukakikanda kwa nini?"

"Nilikiona kimenuna."

Walimpasua tena. Walisafisha usaha uliokuwa ndani, wakabadilisha kipande kimoja, wakamtundikia dawa za kupitia mshipa, wiki baada ya wiki, yeye aliyekuwa akitoroka sindano kwa mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma haukuwapo, na mguu wa kutorokea haukuwapo. Daktari hakumficha. Kama usaha ungerudi, chuma kingetolewa, mifupa ingeunganishwa, na mguu ungebaki umenyooka daima, kama mchi. Na hata usiporudi, goti lilikuwa limekaa bila kukunjwa muda mrefu mno, limeanza kuganda.

Daktari alipoondoka, Mkandaji alitazama dari.

"Msomi."

"Naam, Bibi."

"Mguu ulionyooka unapigaje goti mkekani?"

Katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumsikia akiuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake. Nina shahada mbili. Nilimwekea mto vizuri.

Mtaani walisema kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata. Walisema hivyo, kisha wakafunga hotipoti na kuja hospitali. Sijaona msafara kama ule. Wanawake wa Kariakoo, wa Ilala, wa Magomeni, wa Msimbazi, wanene kwa wembamba, wote waliowahi kuungua kwa maji yake, walijipanga wodini na uji, na mchuzi wa samaki, na chapati ambazo mgonjwa hakutakiwa kula. Waligombana nani alale, nani arudi. Wauguzi walipowatoa kwa mlango mmoja waliingia kwa mwingine. Mama Jayesh, ambaye hali nyama wala haipiki, alileta maziwa yenye manjano na kuhakikisha yamenyweka. Mkandaji aliwapokea wote kwa kulalamika: uji umekuwa mzito, chumvi imezidi, wewe mbona umenenepa. Lakini niliona kwamba kila mmoja alipoinuka kuaga alimshika mkono akachelewa kuuachia.

Kisha akaletwa Fizio. Ndivyo wodi nzima ilivyomwita yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamume mwembamba wa kutoka Masasi, mpole wa maneno, mwenye mikono isiyo na huruma hata kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ondoka."

Hakuondoka. Alimkalisha ukingoni mwa kitanda, mguu ukining'inia, akaushika muundi kwa mkono mmoja na paja kwa mwingine, akaanza kulikunja goti. Kilio alichokitoa Mkandaji kilimwamsha mgonjwa wa kitanda cha mwisho, ambaye tulikuwa tumeshaanza kumwombea.

"We mtoto! Mama yako alikandwa na nani, mbona umetoka na mkono mzito hivi?"

"Mama yangu yuko Masasi, Bibi," alisema Fizio, akiendelea kusukuma. "Vumilia."

Nilijaza kanga mdomoni. Fizio alipomaliza, akaandika mambo yake na kuondoka, Mkandaji alibaki akihema, jasho likimchuruzika, halafu akanigeukia.

"Msomi. Mimi nami nilikuwa nawaambia hivyo?"

"Kila siku, Bibi."

"Kwa sauti ile ile?"

"Ile ile."

"Na nyie mkanyamaza?"

"Tulikuwa tunakuogopa."

Alifikiri. "Vizuri," akasema.

Nilidhani maneno hayo yamekwisha hapo. Lakini kesho yake alimwambia Fizio, "Leo tusipoteze muda," akauma upindo wa kanga na kumpa mguu. Wakaendelea hivyo, yeye akimtukana ukoo mzima wa Masasi kwa majina ya kubuni, Fizio akiitika "ndiyo, Bibi," na goti likirudi kidogo kidogo, kwa kiasi ambacho mimi sikukiona lakini wao wawili walikiona. Usaha haukurudi. Mguu ulipona. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani, Mama Jayesh alitoa yale majora kwenye lifti, akamlipa fundi, na lifti ikafanya kazi siku hiyo na siku mbili tatu zilizofuata.

Ila goti lilifika lilipofika. Lilikunjika kama la mtu aliyekaa kitini, likakataa kuvuka hapo. Fizio alimwambia ukweli: kutembea utatembea, ngazi utapanda, kupiga magoti chini sahau. Mkandaji aliitikia kwa kichwa. Saa ya kuswali ilipofika aliswali kitini. Ndoo yake aliitoboa chini, akaiweka kibarazani, akapanda mchaichai ndani yake. Watu waliacha kuja kumwita, na hakukuwa na aliyetajiwa Bagamoyo tena. Nilimtembelea mara kwa mara, tukaongea habari za wengine. Alikuwa mzima, na hakuwa na kazi, na sikujua nimpe pole au hongera.

Miezi ilipita. Asubuhi moja Fizio alinipigia simu. Kumbe alikuwa amepanga Magomeni, mitaa michache kutoka kwangu. Mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji na ametoka hospitali. Mama zao wote wawili walikuwa Kusini, na hakuna aliyeweza kusafiri kwa haraka.

"Nilitaka nimwombe Bibi aje," alisema, "ila naona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Nilimuumiza sana, dada."

Nilicheka mpaka akanyamaza upande wa pili. Nilipompelekea Mkandaji ujumbe, hakuuliza habari za mzazi wala za mtoto.

"Nyumba ina ngazi?"

"Haina, Bibi."

Aliteremka kwenye bajaji mbele ya nyumba ile akiwa amejifunga kanga mpya, mkono mmoja ukiwa umeshika fimbo kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukibeba. Nilimfuata ndani. Jirani mmoja mtu mzima, mama wa makamo aliyekuwa akimsaidia mzazi, alikuwa amekwisha andaa kila kitu kama inavyotakiwa: mkeka umetandikwa chini, sufuria inatoa mvuke, kitambaa kimekunjwa. Binti wa watu alikuwa amelala juu ya mkeka, macho yamemtoka. Bila shaka alikuwa ameshasimuliwa.

Mkandaji aliutazama mkeka kwa muda. Nilijua anatazama nini.

"Mpandisheni kitandani," alisema. "Na mnipe kiti."

Tukampandisha. Akaketi kando ya kitanda, akavuta kiti karibu, mguu wa kulia ameutanguliza mbele. Yule jirani akachovya kitambaa na kumpa. Mkandaji hakukipokea. Alimfunua mzazi nguo taratibu, akainama kuangalia mshono, mikono yake miwili akiwa ameiweka nyuma, kama mtu anayeangalia kitu dukani na kuogopa kukivunja.

"We Fizio!" aliita kuelekea uani. "Njoo humu."

Yeye, aliyewamwagia maji waume waliochungulia. Fizio aliingia akijipangusa viganja.

"Hospitali wamesema nini kuhusu hapa?"

"Wamesema pasiloweshwe, Bibi. Wala pasibanwe."

"Ah, hospitali!" alisema yule jirani. "Maji ya moto ndiyo yanayokausha. Mimi mwenyewe mama yangu alinikanda hivyo hivyo, na nilipasuliwa, mbona nipo?"

Mkandaji alivuta gauni lake juu ya goti. Makovu yalikuwa mawili, moja limepita juu ya jingine, la pili pana na lenye kung'aa. Alimwacha jirani aangalie mpaka atosheke, kisha akalishusha gauni.

"Mwaga hayo maji," alisema.

Jirani alibeba sufuria, akatoka nayo, na tukasikia maji yakimwagika uani. Mkandaji alimgeukia Fizio. "Na wewe toka. Umeshajibu." Alipaka mafuta viganjani, akavisugua mpaka vikapata joto, akamgeuza mzazi kidogo kwa ubavu, kwa tahadhari ya mtu anayebeba mayai, akaanza kumkanda mabega. Alikanda akiwa kitini, polepole. Binti alikuwa amejikaza mwili wote, meno yamebanana, akisubiri. Viganja vilipopita mara kadhaa na hakuna kilichomuunguza, alifumbua jicho moja.

"Bibi, mimi nilishajiandaa kuvumilia."

"Kuvumilia kutakuja tu, mwanangu," alisema Mkandaji. "Leo lala."